USALAMA NA AFYA: Nguo za Mwenye Kupanda Kinga



Wengi kati yetu wanakwenda kazini kwa kinga. Kinga haiombi petroli. Lakini juu ya kinga mtu hana ukuta wala dirisha: mvua, upepo, jua na vumbi vinamfikia mwilini.

Asubuhi moja ya mwezi wa 7 tulipokea katika dispansari baba mmoja aliyetoka kazi ya usiku. Hakugongwa na motokari. Mguu wa patalo yake pana uliingia katika mnyororo, na vidole vyake vilikuwa vimekufa baridi, hakuweza kukamata freni. Alivunjika mfupa wa bega, akakaa wiki nyingi bila kazi. Kipande cha mpira wa ndani, upana wa vidole viwili, kingalitosha kufunga patalo ile. Basi tujifunze hivi: nguo ya kinga ni chombo cha kazi, sawa na kaske na botini.

1. Wakati wa baridi

Lubumbashi, Likasi na Kolwezi ziko juu, mita 1.200 na kupita. Kwa hiyo asubuhi za mwezi wa 6 na wa 7 ni kali. Tena mwenye kinga anajiletea upepo yeye mwenyewe: hata kama majani ya miti hayatikisiki, ukienda kilometa 15 kwa saa, upepo wa kilometa 15 unakupiga kifuani.

Usivae koti moja nzito. Vaa nguo mbili au tatu nyembamba, moja juu ya ingine. Hewa inayokaa katikati yao ndiyo inayotunza joto. Ukifika mlimani, toa moja mbele ya kutoka jasho, kwani jasho litakuletea baridi wakati wa kushuka. Huna koti? Weka gazeti la zamani kifuani, chini ya shati. Hata wakimbiaji wa Tour de France walifanya vile wakati wa kushuka milima. Mikononi vaa soksi za sufu, lakini uziache vidole nje kwa kukata ncha zake, ili ushike freni vizuri.

2. Wakati wa mvua

Maji yanatoa joto mwilini upesi kuliko hewa, zaidi ya mara 20. Nguo ya pamba inakunywa maji na kukaa baridi. Triko ya sufu, hata ikilowa, inatunza joto kidogo. Chagua koti ya mvua inayofunika mgongo na matako, lakini isifike kwenye gurudumu. Usipande kinga na mwavuli mkononi: mkono mmoja hautoshi kwa freni, na freni zenye maji zinachelewa kusimamisha. Funga patalo na shati kavu katika mfuko wa plastiki, uzibebe nyuma. Ukifika, badilisha mara moja. Chupi yenye maji inasugua mapaja na kuleta vidonda na upele. Radi ikianza, shuka, ingia katika nyumba. Usisimame chini ya mti ulio peke yake.

Neno moja tena. Mtu akipata homa nyuma ya kulowa, asiseme: «Ni mvua tu.» Malaria inaletwa na mbu, si na mvua. Aje kupimwa siku ile ile.

3. Jua na vumbi

Mwezi wa 9 na wa 10 vaa shati nyepesi ya pamba yenye mikono mirefu. Beba chupa ya maji, unywe mbele ya kuona kiu. Miwani, hata ya bei ndogo, inazuia vumbi na wadudu. Vumbi likiingia jichoni, usisugue. Osha na maji safi.

4. Kuonekana

Salopeti ya bluu usiku ni nyeusi machoni mwa dereva wa kamio. Vaa jile yenye mistari inayong'aa. Weka taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma. Kaske ya mine inalinda na mawe yanayotoka juu. Haikutengenezwa kwa kuanguka na kinga. Kama unaweza, nunua ile ya kinga, na ufunge kamba yake chini ya kidevu.

5. Mama na mtoto

Mama anayekaa nyuma akusanye kikwembe chake na kukifunga vizuri, mbali na gurudumu. Mtoto asibebwe nyuma miguu ikining'inia: kisigino kikiingia katika nyaya za gurudumu, kinachunika mpaka mfupa. Avae viatu, na gurudumu lifunikwe na wavu au ubao pande mbili.

6. Kurudi nyumbani

Usipande kinga na salopeti ya mine kwenda nyumbani. Vumbi la mawe lililoshika katika nguo linaingia mapafuni mwa bibi anayezifua na mtoto anayekurukia mlangoni. Oga kazini, badilisha nguo, ndipo uende.

Maulizo ya kujibu pamoja nyumbani

– Kwa nini nguo tatu nyembamba zinapita koti moja nzito?
– Patalo ya baba inafungwa na nini?
– Nani atatazama leo taa ya nyuma?

Mtoto akijibu yote matatu, mpe kazi ya kukagua kinga ya baba kila jioni. Baba naye asikasirike akirudishwa mlangoni kufunga patalo yake.