UFAHAMU NA UFUPISHO: KUUNGANISHA TAASISI ZA SERIKALI

Mtahiniwa, swali la ufahamu hupima kama umeelewa ulichosoma na kama unaweza kukieleza kwa maneno yako mwenyewe. Wengi hupoteza alama kwa kunakili sentensi za kifungu zilivyo. Soma kifungu kifuatacho mara mbili: mara ya kwanza upate wazo kuu, mara ya pili upigie mstari hoja za kila aya. Kisha jibu maswali kabla ya kutazama majibu.

Kifungu cha habari

Chukua mfano wa mama mjasiriamali wa kata ya Mpepai, huko Mbinga. Anasaga mahindi, soya na karanga, anapata unga wa lishe, anaufunga katika pakiti na kuuza mjini. Akitaka unga huo upokelewe na maduka makubwa ya Songea, ni lazima uthibitishwe. Kabla ya Julai 2019, njia hiyo ilikuwa na milango miwili. Shirika la Viwango Tanzania (TBS) lilitazama kama bidhaa imefikia kiwango, na Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA) ilitazama kama ni salama kuliwa. Kila mlango ulikuwa na fomu zake, ada zake na wakaguzi wake. Unga ulikuwa ule ule. Gharama ndizo zilizorudufiwa.

TFDA yenyewe ilizaliwa na muungano. Ilianza kazi mwaka 2003, ikachukua majukumu ya vyombo viwili vya awali: kimoja kilisimamia dawa, kingine kilisimamia vyakula. Mwaka huo huo, mkoa wa Ruvuma ulikuwa wa kwanza nchini kujaribu mpango wa Maduka ya Dawa Muhimu, uliokusudiwa kuwafikishia wanavijiji dawa salama kutoka kwa wauzaji waliopata mafunzo. Baadaye usimamizi wa maduka hayo ulihamia Baraza la Famasi. Mwishoni mwa 2018, Shirika la Afya Duniani lilitambua kuwa mfumo wa Tanzania wa kudhibiti dawa umefikia ngazi ya tatu kati ya nne. Tanzania ilikuwa nchi ya kwanza barani Afrika kufikia ngazi hiyo.

Hata hivyo, wafanyabiashara waliendelea kulalamikia wingi wa mamlaka zinazokagua kitu kimoja. Mwaka 2018 Serikali ilitoa mpango wa kuboresha mazingira ya biashara, na Sheria ya Fedha ya mwaka 2019 ikaleta mabadiliko. Kuanzia tarehe 1 Julai 2019, udhibiti wa chakula na vipodozi ulihamia TBS. TFDA ikabaki na dawa na vifaa tiba, ikabadilishwa jina na kuwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA).

Faida yake inaonekana: mwenye unga sasa anabisha hodi mlango mmoja, na mamlaka ya dawa inaelekeza nguvu zake kwenye dawa. Lakini upo upande wa pili. Mahindi na karanga yasipokaushwa na kuhifadhiwa vizuri huota ukungu unaozalisha sumukuvu, sumu isiyoonekana kwa macho. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Jukumu la kuipima likihamishwa bila wataalamu, maabara na fedha, hubaki mwanya, na atakayeumia ni mtoto anayekunywa uji.

Desemba 2023 Serikali ilitangaza mpango mwingine wa kuunganisha mashirika na taasisi 16 na kufuta 4. Kila tunaposikia tangazo la namna hiyo, tusiulize tu ni ofisi ngapi zimepungua. Tuulize pia: kazi iliyokuwa ikifanywa na ofisi iliyofutwa, sasa inafanywa na nani, na kwa nyenzo zipi?

Maswali

(a) Eleza maana ya maneno haya kama yalivyotumika katika kifungu: (i) zilizorudufiwa (ii) mwanya.
(b) Mwandishi ana maana gani anaposema "Unga ulikuwa ule ule"?
(c) Taja faida mbili na hatari moja ya mabadiliko ya 2019.
(d) Methali "Manahodha wengi, chombo huenda mrama" inahusianaje na kifungu?
(e) Fupisha kifungu hiki kwa maneno yasiyozidi 60.

Majibu na maelezo

(a) (i) Zilizofanywa kuwa mara mbili. (ii) Pengo katika usimamizi. Usijibu "nafasi kati ya meno": hiyo ni maana sahihi ya mwanya, lakini siyo iliyotumika hapa.

(b) Bidhaa moja ilikaguliwa na kulipiwa katika mamlaka mbili ilhali yenyewe haikubadilika.

(c) Faida: mzalishaji wa chakula anashughulika na mamlaka moja, TMDA inajikita katika dawa na vifaa tiba. Hatari: upimaji wa sumu katika chakula unaweza kudhoofika endapo jukumu litahama bila nyenzo.

(d) Manahodha ni mamlaka nyingi, chombo ni huduma. Mamlaka mbili zikiongoza kazi moja, huduma huyumba. Mtahiniwa makini ataongeza kuwa kifungu kinaonya pia dhidi ya chombo kuachwa bila nahodha.

(e) Kabla ya Julai 2019, TBS na TFDA zote zilikagua chakula, hivyo gharama za wafanyabiashara zilirudufiwa. Sheria ya Fedha ya 2019 ilihamishia chakula na vipodozi TBS, na TFDA ikawa TMDA inayosimamia dawa na vifaa tiba. Mageuzi hayo yalipunguza mlolongo, lakini yana hatari iwapo jukumu litahama bila wataalamu, maabara na fedha. Kuunganisha kunafaa pale ambapo hakuna jukumu linaloachwa bila mwenyewe. (Maneno 58)

Zingatia: Mama wa Mpepai, Maduka ya Dawa Muhimu na ngazi ya tatu havimo katika ufupisho, kwa sababu ni mifano na maelezo ya ziada. Hatari, kwa upande mwingine, haikuachwa. Ufupisho unaotaja faida peke yake umeacha nusu ya hoja ya mwandishi, nawe utapoteza alama.

Zoezi: Andika insha ya hoja isiyopungua maneno 250 na isiyozidi 300 kuhusu mada: "Taasisi za Serikali zinazofanya kazi zinazofanana ziunganishwe." Unga mkono au pinga, na katika kila hoja onyesha ni mwananchi gani anayenufaika au kuumia.