Umma Ulioitwa na Umma Uliojijia

Neno demokrasia asili yake ni Kigiriki, na maana yake ni utawala wa watu. Siku hizi halina adui: hata mtawala asiyevumilia swali moja hulipamba jina la nchi yake kwa neno hilo. Basi, msomaji, utajuaje kama neno lina kitu ndani yake? Usitazame siku watawala wanapowaita watu uwanjani. Tazama siku watu wanapokuja bila kuitwa.

Twaweza kujifunza jambo hili katika Ujerumani ya Mashariki. Dola ile ilitangazwa tarehe 7 Oktoba 1949, ikajiita Jamhuri ya Kidemokrasia. Katiba yake ilisema kwamba mamlaka yote yatoka kwa watu, kwamba raia wana haki ya kukusanyika kwa amani, na kwamba vyama vya wafanya kazi vyaweza kugoma. Maneno mazuri, wala hatuna la kuyatia kasoro. Mwaka uliofuata ukafanywa uchaguzi wenye orodha moja tu ya majina, ikatangazwa kwamba asilimia 99.7 wameikubali. Na kila tarehe 1 Mei wafanya kazi waliandamana na bendera zao, wakubwa wakiwapungia mkono kutoka jukwaani.

Mwezi Mei 1953 serikali ikaamuru vipimo vya kazi viongezwe kwa asilimia 10 au zaidi; maana yake, mtu atoe jasho zaidi kwa ujira ule ule. Tarehe 16 Juni waashi wa barabara ya Stalinallee, mjini Berlin, wakaweka chini miiko yao, wakaandamana hadi jumba la mawaziri. Siku ile ile wakubwa wa chama wakaifuta amri, kana kwamba wamekiri kuwa malalamiko yalikuwa ya haki. Lakini kesho yake watu kama milioni moja walipotoka, katika miji na vijiji zaidi ya 700, wakidai pia uchaguzi huru, vifaru vya Warusi vikaingia barabarani. Watu wasiopungua 55 wakafa. Walter Ulbricht na wenzake wakasema hiyo ilikuwa njama ya mafashisti kutoka Magharibi.

Ni kweli kwamba redio ya Berlin ya Magharibi ilitangaza habari za mgomo. Lakini redio haimchoshi mwashi. Watu wale wale walioitwa umma mwezi Mei, mwezi Juni wakaitwa vibaraka. Wao hawakubadilika, ila safari hii hakuna aliyewapangia la kusema.

Mchezo huo uliendelea miaka 36. Tarehe 7 Mei 1989, katika uchaguzi wa mabaraza, ilitangazwa tena kwamba karibu asilimia 99 wamekubali, ingawa raia waliosimamia hesabu vituoni walikuwa wamehesabu kura nyingi zaidi za kukataa. Tarehe 9 Oktoba, baada ya sala katika kanisa la Nikolai la ndugu zetu Walutheri, na katika makanisa mengine ya Leipzig, watu kama 70,000 waliandamana bila silaha, wakiwaambia wakubwa wao: “Sisi ndio watu!” Safari hii askari hawakupiga risasi.

Uchaguzi huru ulifanywa tarehe 18 Machi 1990. Chama kile cha wakubwa, kikiwa kimekwisha kubadili jina, kilipata kura asilimia 16 na kidogo.