Utalipa au Utaongeza? Somo la Deni Kutoka Kisenyi



Mwaka jana nilifanya mtihani wa fiqhi ya miamala. Swali moja lilitutaka tueleze riba ya zama za ujahiliya. Nilijaza kurasa mbili, nikataja aya na namba zake, na nikapata alama nzuri. Siku hiyo simu yangu ilikuwa imezimwa mfukoni kwa sababu wakopeshaji wawili walikuwa wakinitafuta. Kitambulisho changu cha taifa kilikuwa ndani ya droo ya mkopeshaji wa tatu, hapa hapa Kisenyi. Niliyoyaandika kwenye karatasi ya mtihani ndiyo yaliyokuwa yakinipata, wala sikuyatambua.

Naandika somo hili kwa sababu nimekuja kujua kwamba sikuwa peke yangu. Katika halaqa yetu ya watu kumi na wawili, nilipolisema jambo hili, watano walisema nao wana mkopo wa simu usiokwisha. Kabla ya siku hiyo hakuna aliyejua habari za mwenzake.

Nilivyoingia

Kwetu ni Arua. Nimepanga chumba Kisenyi kwa sababu kazi iko karibu: kila jioni naandika hesabu katika duka la jumla la mama mmoja wa Kisomali, duka la mchele, sukari, baasto na mafuta ya kupikia. Mimi humwita Eddo, yaani shangazi, naye huniita eddo vilevile, kama ilivyo desturi yao.

Muhula mmoja ada ilinipungukia shilingi 150,000, na usajili ulikuwa unafungwa baada ya siku mbili. Nilibonyeza simu, na pesa zikaingia kabla sijamaliza chai. Hakuna aliyeniuliza kitu. Sikulazimika kumtazama mtu usoni wala kutamka neno. Nakiri kwamba hilo ndilo lililonivutia kuliko pesa zenyewe.

Mikopo ya namna hii imetuzunguka Afrika Mashariki nzima. Kenya ilianza na M-Shwari mwaka 2012, Tanzania ikapata M-Pawa mwaka 2014, na Uganda MoKash mwaka 2016. Baadaye zikafuata programu nyingi ndogo ndogo. Walionikopesha mimi sitawataja, kwa kuwa ninayetaka kumsahihisha hapa ni mkopaji.

Mwezi ulipokwisha nilitakiwa kulipa 165,000, nami sikuwa nazo. Programu ikaniambia naweza kulipa 15,000 tu, deni lisogezwe mwezi mmoja mbele. Nikaona ni huruma. Miezi miwili baadaye kodi ya chumba ilinibana, nikakopa 230,000 kwenye programu ya pili. Muhula mpya ulipofika nikamwendea mkopeshaji wa mtaani. Alinipa 300,000 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi, akabaki na kitambulisho changu. Nilipougua homa ya matumbo, rafiki yangu wa halaqa alinikopesha 100,000 bila riba. Huyo ndiye niliyemkimbia kuliko wote. Nikaacha kuswali Ijumaa msikiti anaoswali yeye.

Hesabu niliyoiogopa

Tuifanye pamoja, maana ni fupi. Kila mwezi nililipa 15,000 kusogeza mkopo wa kwanza, 23,000 kusogeza wa pili, na 60,000 kwa mkopeshaji wa mtaani. Jumla ni 98,000. Mshahara wangu dukani ni kama 200,000 kwa mwezi. Karibu nusu ya jasho langu iliondoka, na deni halikupungua hata shilingi moja.

Kwa mkopeshaji wa mtaani nilikuwa nimelipa miezi saba, yaani 420,000, kwa mkopo wa 300,000. Na bado nilidaiwa 300,000 zile zile.

Sasa rudini kwenye lile swali la mtihani. Wanachuoni wanaeleza kwamba katika ujahiliya, muda wa deni ulipofika, mdai alimwuliza mdaiwa: utalipa au utaongeza? Asiyekuwa na cha kulipa alipewa muda, na muda ule akauziwa kwa nyongeza. Mlango huo ndio ulioivimbisha riba ikawa maradufu juu ya maradufu, kama ilivyokatazwa katika Surat Aal-Imran aya ya 130. Kile kitufe cha kusogeza deni kwenye simu yangu kilikuwa ni swali lile lile la Makka ya kale. Nami kila mwezi nilijibu: naongeza.

Mtume (S.A.W.) katika Hija ya kuaga, mwaka wa 10 Hijria, alizifuta riba zote za ujahiliya, akaanza na riba iliyokuwa ya ami yake, Abbas bin Abdul-Muttalib. Lakini tusisahau upande wa pili. Suratul-Baqara aya ya 279 inamwachia mdai rasilimali yake, asidhulumu wala asidhulumiwe. Kwa hiyo kuichukia riba si ruhusa ya kukimbia deni. Zile 300,000 nilizochukua zilikuwa haki ya mtu.

Deni na ulimi

Kukopa kwenyewe si aibu. Mtume (S.A.W.) alikopa, na alifariki deraa yake ikiwa rehani kwa Myahudi mmoja kwa ajili ya shayiri. Hata hivyo alikuwa akijikinga kwa Mwenyezi Mungu na mzigo wa deni ndani ya swala yake. Alipoulizwa sababu, alieleza kwamba mwenye deni akizungumza husema uongo, na akiahidi huvunja ahadi. Hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim.

Niliisoma nikiwa kidato cha tatu. Niliielewa siku mama aliponipigia kutoka Arua na kuniuliza kama nakula vizuri. Nilimwambia, "Nakula, mama, usijali." Nilikuwa nimekunywa chai ya rangi tangu asubuhi. Mkopeshaji nilimwambia nimesafiri, na nilikuwa hatua mia mbili kutoka kwake. Rafiki yangu nilimwahidi Ijumaa nne mfululizo.

Mambo yalifika kikomo pale programu moja ilipowatumia ujumbe watu waliomo katika orodha ya simu yangu. Kiongozi wetu wa halaqa aliupata. Mjomba wangu aliupata. Uliniita mwizi. Sheria ya Uganda ya kulinda taarifa za watu ya mwaka 2019 hairuhusu taarifa za mtu kutumiwa ovyo namna hiyo, lakini siku ile sikuwa na nguvu ya kufikiria sheria. Nilikaa nyuma ya magunia ya mchele nikalia.

Daftari la Eddo

Eddo alinikuta pale. Hakuniuliza mengi. Alichukua daftari la madeni, lile lile ninaloandika kila jioni majina ya wateja, walichochukua na siku ya kulipa. Akaniuliza, "Eddo, madeni ya watu wote yameandikwa humu. Lako liko wapi?"

Nilinyamaza. Nilishika kalamu nikitaka kuandika kimya kimya, akanizuia. "Wewe unadaiwa. Tamka, ataandika mwingine."

Nikakumbuka aya ya 282 ya Suratul-Baqara, aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, na inahusu habari ya deni. Mwenyezi Mungu ameamrisha deni la muda liandikwe, mwandishi asikatae kuandika, na wawepo mashahidi. Na anayeamrishwa kutamka ili liandikwe ni yule mwenye haki juu yake, yaani mdaiwa mwenyewe. Nilikuwa nimeihifadhi tangu madrasa, lakini sikuwahi kusimama kwenye neno hilo. Mdai anajua anachodai. Mdaiwa ndiye mwenye haja ya kujificha, ndiye mwenye kuona haya, na ndiye aliyetakiwa aseme kwa kinywa chake mbele ya watu.

Nilitamka. Mpwa wa Eddo aliandika. Jumla ilikuwa 780,000. Nilidhani ni zaidi ya milioni. Wenye kudaiwa mnajua: deni lisilohesabiwa huwa kubwa usiku kuliko lilivyo mchana. Wahenga wamesema mficha uchi hazai, nami nilikuwa nimeficha miezi saba.

Hatua nilizofuata

Kwanza, niliacha kulipa deni kwa deni. Kabla ya mpango wowote, hakuna mkopo mpya wa kulipia wa zamani.

Pili, nililipa lile linalokula zaidi. Eddo alinipa 300,000 za mkopo mwema, qardhul hasan, zisizo na nyongeza. Ziliandikwa daftarini kwa mashahidi wawili, nikatwe 20,000 kila wiki kwa wiki kumi na tano. Kaka yake alinisindikiza kwa mkopeshaji. Yule bwana alitaka 60,000 nyingine juu yake. Mzee akamwuliza kwa upole leseni yake iko ukuta gani, akamkumbusha kwamba sheria inamkataza mkopeshaji kushika kitambulisho cha taifa kuwa dhamana, na kwamba mwaka 2024 serikali iliweka kikomo cha asilimia 2.8 kwa mwezi. Akapokea 300,000, akafungua droo. Kikomo cha serikali hakihalalishi riba, lakini ni vizuri mtu ajue haki zake mbele ya anayemnyonya.

Tatu, niliuza nilichoweza kuuza. Simu yangu kubwa ilipata 250,000. Nikanunua ya tochi kwa 50,000, na kwa tofauti nikamaliza mkopo wa kwanza, 165,000. Zilizobaki 35,000 nilizipeleka kwenye mkopo wa pili, nao niliumaliza kwa mshahara baada ya miezi mitatu. Programu zenyewe nilikuwa nimeachana nazo pamoja na simu ile.

Nne, niliwaambia niliowadanganya. Mama hakunigombeza. Wiki iliyofuata nilipigiwa niende Arua Park nikapokee mzigo: unga wa muhogo, maharage na simsim. Chakula kile kiliniokolea fedha nyingi kuliko nilivyotazamia. Alisema jambo moja tu: "Ungeniambia mapema, mwanangu, ningeuza mbuzi, wewe usingeuza uongo."

Tano, nilimwomba rafiki yangu muda. Aya ya 280 inamtaka mdai ampe nafasi mdaiwa mwenye dhiki mpaka apate wepesi, na inasema kusamehe kabisa ni bora zaidi. Alinipa miezi minne. Nilimlipa wa mwisho, mia kwa mia, na sasa tunaswali safu moja.

Upande wa jumuiya

Ndugu zangu, tusimwachie mdaiwa peke yake mzigo huu. Katika Sahih Muslim imo habari ya mtu aliyenunua matunda, akapata hasara, na deni likamlemea. Mtume (S.A.W.) aliwataka watu wamtolee sadaka. Zilipokusanywa hazikutosha, akawaambia wadai wachukue kilichopatikana, hawana zaidi ya hicho. Tena wenye madeni wametajwa katika Surat At-Tawba aya ya 60 miongoni mwa mafungu manane ya zaka. Tunapogawa zaka ya jumuiya, je, tunamfikiria mwanafunzi aliyekopa ada?

Benki za Kiislamu zimepata nafasi Uganda tangu sheria ya fedha irekebishwe mwaka 2016, na hilo ni jema. Lakini anayetafuta 150,000 kabla ya usajili kufungwa hahitaji benki. Anahitaji watu. Wanawake wa Kisomali hapa Kisenyi wana hagbad, akina mama wa Kiganda wana nigiina, na Watanzania huita upatu. Ni jambo moja: mnachanga sawa, kila zamu mmoja anachukua, na hakuna anayepata zaidi ya alichotoa.

Halaqa yetu imeanza. Watu kumi na wawili, 10,000 kila wiki, anayefikiwa na zamu hupata 120,000. Juu yake kila mmoja hutoa 2,000 za mfuko wa mkopo mwema. Zamu zilizo nyingi zimekwenda sawa. Mwenzetu mmoja alichelewa wiki tatu. Hatukumtoza faini, kwa kuwa nyongeza ya kuchelewa ndiyo tunayoikimbia. Wadhamini wake wawili walimtembelea chumbani, wakamkuta mgonjwa, wakarudi na habari badala ya pesa. Tungekuwa programu ya simu tungemtumia ujumbe.

Zipo pia kanuni moja tu tuliyoandika juu ya daftari letu: anayekopa anatamka mwenyewe, kwa sauti, kiasi na siku ya kulipa. Wengine wanaona haya mwanzoni. Haya hiyo ya dakika moja ina nafuu kuliko ya miezi saba.

Maswali ya kujadili katika halaqa

1. Kuna tofauti gani kati ya kumpa mdaiwa muda, kama ilivyo katika aya ya 280, na kumuuzia muda?
2. Kwa nini aya ya 282 imemtaka mdaiwa ndiye atamke?
3. Chukua karatasi leo. Andika kila unachodaiwa na kila unachowadai wengine. Ni nani wa kwanza utakayemwambia?

Mwenyezi Mungu atutosheleze kwa halali yake, awafungulie wenye madeni, na atupe ulimi wa kweli. Wabillahi tawfiq.