Mashine ya Mazoezi Isipokuona

Tumchukue mama wa Lupepo mwenye presha, aliyeshauriwa na daktari afanye mazoezi. Masika ya Rungwe hayana huruma, njia za vilimani zinateleza, na mwanawe aliyeko mjini amemletea mchezo wa mazoezi wa kuchezea kwenye televisheni. Mama anainua magoti mpaka jasho linamtoka, lakini mashine haihesabu kitu. Siku ya tatu anaifunika kitambaa na kurudi kitini. Mwili wake ulifanya kazi. Kilichoshindwa ni jicho la mashine.

Kinect ya Microsoft, iliyotoka mwaka 2010, haitengenezwi tena, lakini ya mitumba ingali ikipatikana. Hiyo hurusha mwanga tusioweza kuuona, kisha kamera yake husoma jinsi mwanga huo ulivyouangukia mwili. Jua nalo lina mwanga wa namna hiyo kwa wingi, basi likiingia dirishani jicho hupofuka. Funga pazia. Simama mbali nayo kama mita 2, na mkiwa wawili mita 2.5. Hapo ndipo penye kazi, maana sebule zetu zimejaa makochi! Meza itoke nje ikibidi, kwa sababu ukiisogelea mno mashine haioni miguu. Khanga na gauni pana pia huficha magoti, na miguu miwili ikaonekana kama nguzo moja. Vaa suruali ya mazoezi; anayeona haya akumbuke kwamba pazia limeshafungwa.

Wii ya Nintendo, ya mwaka 2006, ni kinyume. Jicho limo ndani ya rimoti, na kile kifimbo cha kuweka kwenye televisheni ni taa tu. Kwa hiyo mshumaa ukiwaka pale karibu, kama ilivyo kwa familia ambazo altare ndogo ya sala iko pembeni ya televisheni, rimoti huudhania kuwa taa yake, na alama kwenye kioo huruka ovyo. Sala imalizike, mshumaa uzimwe, ndipo mchezo uanze. Ule ubao wa kusimamia hupima uzito unavyoegemea, hivyo uwekwe juu ya saruji, si juu ya zulia nene.

Mashine ikikunyima hesabu ya miruko 20, usiirudie kwa hasira. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri watu wazima dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, yaani unaweza kuongea lakini kuimba kunakushinda. Aliyelima mtelemko tangu asubuhi ameshazipunguza nyingi. Kifua kikibana au kizunguzungu kikija, acha mara moja uende kituo cha afya. Dakika zako ziandike kwenye daftari, na siku ya kliniki umwonyeshe daktari hilo daftari.