Kupiga Moyo Konde: Mwili, Akili na Ushujaa wa Askari wa Keya katika Vita vya Burma

1.0 Utangulizi

Utenzi wa vita ni miongoni mwa tungo kongwe zaidi za fasihi andishi ya Kiswahili. Utendi wa Tambuka uliandikwa mwaka wa 1728. Hemedi bin Abdallah al-Buhriy alitunga kuhusu vita vya Wadachi na watu wa Mrima mwishoni mwa karne ya 19, naye Shaaban Robert akatunga Utenzi wa Vita vya Uhuru kuhusu Vita vya Pili vya Dunia. Katika mapokeo haya, aghalabu shujaa husawiriwa kama mtu ambaye moyo wake hautetereki. Ni nadra msomaji kuelezwa shujaa huyo alilala saa ngapi, alikula nini, au nyayo zake zilikuwa katika hali gani baada ya kutembea kwenye matope kwa wiki nzima.

Sisi wanafunzi wa fasihi tumeurithi mtazamo huo. Tunapomchambua mhusika mwanajeshi tunaandika kwamba "ni jasiri", tunatoa mfano mmoja, kisha tunaendelea na sifa inayofuata. Makala haya yananuia kuuliza swali linalotangulia sifa hiyo: ujasiri hutoka wapi, na huisha lini? Mfano utakaotuongoza ni wa askari wa Afrika Mashariki waliopigana nchini Burma (Myanmar ya leo) mwaka wa 1944. Hoja yetu ni kwamba ushujaa ni akiba. Huwekwa kwa mazoezi, chakula, usingizi na kuaminiana, na hutumika mpaka ukaisha. Kuusifu ushujaa kama tunu ya damu au ya kabila ni kumdhulumu yule yule tunayemsifu.

2.0 Woga katika lugha na katika mwili

Kiswahili kina hazina kubwa ya semi za hofu. Mtu aliyeingiwa na woga hutokwa na kijasho chembamba, mate humkauka, nywele humsimama, moyo humwenda mbio na magoti hugongana. Tumezoea kuziorodhesha semi hizi kama mapambo ya lugha. Ukizitazama kwa jicho la elimu ya mwili, utagundua kwamba ni maelezo sahihi ya mambo yanayotendeka. Ubongo unapotambua hatari, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini kwenye damu. Mapigo ya moyo huongezeka. Damu huelekezwa kwenye misuli mikubwa na kupunguzwa tumboni. Mate hupungua kwa kuwa kazi ya kusaga chakula imeahirishwa. Jasho hutoka na vinyweleo husimama. Mwili mzima unajiandaa kupigana au kukimbia.

Kwa hiyo, woga na utayari wa kupigana huanzia mahali pamoja. Anayetetemeka kabla ya shambulio si lazima awe mwoga. Huenda mwili wake umeshaanza kazi. Wahenga walilitambua hili waliposema kwamba kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio. Woga una faida yake, mradi usizidi kipimo. Kipimo hicho kilichunguzwa mapema na Robert Yerkes na John Dodson mwaka wa 1908. Walipowafundisha panya kazi fulani kwa kuwapiga na umeme, waligundua kwamba katika kazi ngumu, msukumo wa wastani ulisaidia kujifunza, lakini ulipozidi ulidhuru.

Hofu inapopita kiasi, vidole hushindwa kufanya kazi ndogo ndogo, macho huona mbele tu kama mtu anayechungulia kwenye mwanzi, na kumbukumbu huyumba. Mwaka wa 2004, Charles Morgan na wenzake walichapisha utafiti uliowahusisha wanajeshi 509 wa Marekani waliokuwa katika mafunzo ya kustahimili utekwaji. Waliohojiwa kwa vitisho vikali walishindwa kumtambua mhoji wao baadaye, kwa kiwango kikubwa kuliko waliohojiwa bila vitisho hivyo. Ikumbukwe kwamba walikuwa wamekaa naye ana kwa ana kwa zaidi ya nusu saa. Matokeo haya yanamhusu pia mhakiki wa tawasifu za vita. Msimulizi anayekosea sura ya mtu au mpangilio wa matukio si lazima awe mwongo; pengine hivyo ndivyo akili yake ilivyoweza kuhifadhi saa ile.

3.0 Bonde la Kabaw, 1944

Jeshi la King's African Rifles, ambalo wazee wetu waliliita Keya, liliundwa mwaka wa 1902. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, vikosi vyake vilikuwa sehemu kubwa ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka wa 1943. Divisheni hiyo ilipelekwa Ceylon (Sri Lanka ya leo) kwa mafunzo, kisha ikaingia Burma chini ya Jeshi la 14 lililoongozwa na Jenerali William Slim. Kuanzia Agosti 1944 iliwafuata Wajapani waliokuwa wakirudi nyuma katika bonde la Kabaw, kutoka Tamu kuelekea kusini, na mnamo tarehe 2 Desemba ikautwaa mji wa Kalewa kando ya mto Chindwin. Umbali huo ni wa zaidi ya kilomita 100, nao uliwachukua takriban miezi minne.

Kilichowachelewesha hakikuwa risasi pekee. Mvua za monsuni zilikuwa zikinyesha, na barabara ziligeuka kuwa tope. Chakula na risasi viliangushwa kutoka kwa ndege. Bonde lenyewe lilijulikana kwa malaria na homa ya utitiri wa vichakani. Slim (1956) anaeleza kwamba mwaka wa 1943, kwa kila askari mmoja aliyeondolewa vitani kwa majeraha, 120 waliondolewa kwa maradhi. Msomaji aitafakari nisba hiyo: adui mkubwa zaidi hakubeba bunduki.

Dawa iliyotumika kuzuia malaria ilikuwa mepakrini. Askari wengi hawakupenda kuimeza, hivyo Slim akaamuru vikosi vipimwe kwa ghafla. Pale ambapo walioonyesha kuwa na dawa mwilini walikuwa chini ya asilimia 95, kamanda alifutwa kazi. Anasema alilazimika kuwafuta watatu tu, kwani wengine walielewa somo. Fauka ya hayo, wagonjwa wa malaria walitibiwa karibu na mstari wa mbele badala ya kusafirishwa mbali hadi India, na hivyo wakarejea kwa wenzao baada ya wiki chache badala ya miezi. Mbinu hizi hazina mvuto wa utenzi. Hata hivyo, ndizo zilizowawezesha askari kusimama.

Ni muhimu kudokeza kwamba wakoloni walikuwa na maelezo yao ya uwezo wa askari hawa. Timothy Parsons (1999) anaonyesha jinsi Waingereza walivyoyagawa makabila ya Afrika Mashariki kuwa "ya kivita" na yasiyo ya kivita. Wakamba, kwa mfano, walihesabiwa kuwa askari kwa maumbile. Dhana hii haistahimili uchunguzi. Kijana wa Kitui au Machakos alitoka katika nchi kavu; msitu wenye mvua ya miezi mingi ulikuwa mgeni kwake kama ulivyokuwa kwa kijana wa London. Alichokuwa nacho alikipata kwa kufunzwa.

4.0 Usingizi, tumbo na uamuzi

Utafiti uliofanywa baada ya vita hivyo umetufafanulia mengi ambayo askari wa Kabaw waliyajua miilini mwao. Mwaka wa 1997, Drew Dawson na Kathryn Reid walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho kwa saa 17 hufanya kazi kama mtu mwenye kiwango cha pombe cha asilimia 0.05 katika damu yake. Akifikisha saa 24, hali yake hukaribia asilimia 0.10. Afisa aliyekesha usiku kucha akilinda handaki, kisha akatakiwa kuamua alfajiri kama kikosi kivuke mto, anaamua kama mlevi, nacho kikosi kinamtii.

Je, mtu anaweza kujikaza kisabuni akaushinda usingizi? Harris Lieberman na wenzake (2002) waliwachunguza makurutu 68 wa kikosi maalumu cha wanamaji wa Marekani waliokuwa wamenyimwa usingizi kwa saa 72. Kafeini iliwaongezea umakini na wepesi wa kuitikia. Shabaha yao, inayohitaji mkono uliotulia, haikubadilika. Dawa inaweza kumwamsha mtu bila kumrudishia uwezo wake wote.

Njaa nayo hufanya kazi yake polepole. Katika mafunzo ya makomando wa Ranger nchini Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1990, ilibainika kwamba wanafunzi walipoteza takriban asilimia 16 ya uzani wao katika muda wa wiki nane hivi, na kinga yao dhidi ya maradhi ikashuka. Hawa walikuwa vijana waliochaguliwa kwa nguvu zao. Moyo wao haukuwa na kasoro. Sahani ndiyo iliyokuwa na upungufu.

5.0 Amri fupi na lugha ya Keya

Maadamu akili iliyobanwa na hatari hupungukiwa na nafasi ya kufikiri, jeshi hufanya mapema kazi ya kufikiri. Askari hurudia kitendo kimoja mara nyingi, mpaka mikono ikitende bila kushauriana na kichwa. Mazoea huwa ngao. Hapa ndipo Kiswahili kinapoingia moja kwa moja katika mada yetu.

Keya iliwakusanya watu wa lugha nyingi chini ya maafisa Waingereza waliotakiwa kujifunza Kiswahili. Mungai Mutonya na Timothy Parsons (2004) wameichunguza lahaja iliyozaliwa humo, Ki-KAR, ambayo sarufi yake, hasa upatanisho wa ngeli, ilirahisishwa. Tumezoea kuicheka kama Kiswahili kilichovunjika. Kwa maoni yetu, lahaja hii yastahili kusomwa upya kama sajili ya hatari. Penye mlio wa risasi, neno moja linaloeleweka na wote lina thamani kuliko sentensi iliyokamilika.

Hata hivyo, tusiipambe kupita kiasi. Ufupi huo ulitokana pia na ukoloni: mmoja aliamuru, mwingine akatii. Lugha ya amri hutosha kumwambia mtu alale chini. Haitoshi kumuuliza ameamkaje. Kikosi kinahitaji lugha zote mbili, kwa kuwa askari anayeogopa kusema kwamba amechoka ataendelea kusimama mpaka atakapoanguka, na akianguka huwaangukia wenzake.

6.0 Akiba inayoisha

Lord Moran, daktari aliyehudumu katika mahandaki ya Vita vya Kwanza vya Dunia, aliandika mwaka wa 1945 kwamba ujasiri ni kama fedha zilizowekwa benki: kila siku ya vita mtu hutoa kiasi, na asipopewa nafasi ya kuweka tena, hufilisika. Mwaka uliofuata, J. W. Appel na G. W. Beebe walikadiria kwamba askari wa kawaida wa miguu wa Marekani aliishiwa na uwezo baada ya siku 200 hadi 240 za mapigano. Wahenga wetu hawakuwa na benki, lakini walisema kwamba chovya chovya humaliza buyu la asali.

Katika mwanga huu, kuondolewa kwa Divisheni ya 11 kutoka mstari wa mbele baada ya kufika Chindwin hakukuwa aibu yoyote. Buyu lilikuwa limechovywa vya kutosha. La kusikitisha ni kwamba askari hao waliporejea nyumbani, elimu ya nafsi waliyoikuta haikuwa tayari kuwaelewa. J. C. Carothers, aliyesimamia hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari kuanzia 1938 hadi 1950, alichapisha kitabu mwaka wa 1953 akiifananisha akili ya Mwafrika na ya Mzungu aliyepasuliwa sehemu ya mbele ya ubongo. Sehemu hiyo ya mbele, inayohusika na kupanga na kujizuia, ndiyo hasa inayodhoofishwa na uchovu na hofu kwa kila binadamu. Kilichokuwa jeraha la vita kingeweza kuitwa maumbile ya mtu mweusi.

7.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba kupiga moyo konde ni tendo la mwili mzima, na kwamba lina gharama. Mintarafu ya uhakiki wa fasihi, tunapendekeza kwamba kila tunapokutana na mhusika mwanajeshi tujiulize maswali matatu kabla ya kumpa sifa. Amelala lini? Anamwamini nani kando yake? Akiba yake imebaki kiasi gani? Mwandishi aliyeyajibu amemuumba mtu. Aliyeyaruka amechonga sanamu.

Faida ya maswali haya haiishii darasani. Waruhiu Itote alisimulia maisha yake ya Burma katika tawasifu yake ya 1967, lakini askari wengi wa Keya walifariki bila kuandika neno. Tangu Oktoba 2011, vijana wa Kenya wamekuwa wakipelekwa Somalia na kurejea katika vijiji vyetu. Baadhi yao hushtuka mlango unapogongwa, au hukesha ua ukiwa kimya. Jirani huwaambia wajikaze, kwani wao ni wanaume na ni askari. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Sisi tunaosoma Kiswahili tuna maneno mengi ya kumsifu askari anapoondoka. Tuna wajibu wa kuyatafuta na ya kumpokea anaporudi amechoka.