Mshubiri na Dorothea: Majina Mawili ya Mmea Mmoja wa Handeni

Makala haya yanajadili majina ya mmea mdogo wa majani manene yenye utomvu, uotao kwa mafungu yaliyosongamana juu ya miamba ya Handeni, mkoani Tanga. Majani yake hugeuka mekundu yapigwapo na jua kali. Kitaalamu huitwa Aloe dorotheae, jina lililotolewa mwaka 1908 na Alwin Berger, Mjerumani aliyekuwa msimamizi wa bustani ya La Mortola, Italia. Kiishio -ae ni cha Kilatini, nacho huonyesha umilikishi: "ya Dorothea". Aliyekusudiwa ni Dorothy Westhead wa London. Jina hilo, basi, halituambii lolote juu ya mmea wenyewe wala juu ya Handeni.

Jina la Kiswahili, mshubiri, lina mengi zaidi ya kusema. Asili yake ni neno la Kiarabu sabir, yaani utomvu mchungu wa mmea huu na jamaa zake. Mzizi huohuo, s-b-r, ndio uliotupatia subira na kitenzi subiri. Wapo watakaovutiwa kudai kwamba uchungu ndio uliozaa subira. Kuchangia mzizi pekee si ushahidi wa kutosha. Linalohitaji maelezo ni sauti. Mbona subira imebaki na /s/, ilhali dawa ikawa shubiri? Kwa maoni yetu, badiliko hilo lilisaidia kuitenga nomino na kitenzi subiri (ingawa, kwa kinaya, liliisogeza karibu na shibiri, kipimo cha kiganja).

Jina hili linataja ladha, si umbo. Ndiyo maana tunasema "chungu kama shubiri", na utomvu wake hupakwa kwenye titi kumwachisha mtoto ziwa. Jamii yoyote ya Aloe yenye uchungu huo ni mshubiri.

Hapo ndipo penye tatizo la kileksikografia. Mkataba wa CITES unadhibiti biashara ya kimataifa ya jamii zote za Aloe isipokuwa Aloe vera, na Aloe dorotheae imeorodheshwa na IUCN miongoni mwa mimea iliyo hatarini kabisa kutoweka. Sheria inatofautisha, neno letu halitofautishi. Isitoshe, alovera, neno lililoenea sasa madukani, linazidi kufuta tofauti hiyo. Tunapendekeza kamusi ziingize mshubiri kama jina la jumla, na chini yake kiwepo kidahizo mshubiri-mwamba kwa ule wa Handeni.