Mafuriko ya Jangwani na Upimaji wa Wepesi wa Kudhurika

Tarehe 20 Desemba 2011 mvua kubwa ilianza kunyesha jijini Dar es Salaam. Wataalamu wa hali ya hewa walieleza kuwa mvua ya kiasi hicho haikupata kuonekana jijini tangu mwaka 1954. Mto Msimbazi, ushukao kutoka vilima vya Pugu hadi Bahari ya Hindi, ulifurika katika bonde la Jangwani, lililo ubavuni mwa Kariakoo. Watu zaidi ya 40 walifariki jijini na maelfu wakakosa makazi. Lakini mvua hiyo hiyo iliwanyeshea pia wakazi wa Masaki na Oysterbay, na wengi wao walilala salama. Kwa nini tukio moja huwa msiba kwa huyu, na kwa yule likawa usumbufu tu?

Hali hiyo yaweza kuitwa wepesi wa kudhurika. Mwaka 1989 Robert Chambers, wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, alieleza kuwa ina pande mbili. Upande wa nje ni misukosuko impatayo mtu, kama vile mafuriko, moto, maradhi na kupanda kwa bei. Upande wa ndani ni ukosefu wa nyenzo za kuikabili misukosuko hiyo bila kupata hasara kubwa. Alisisitiza pia kwamba wepesi huo si sawa na umaskini.

Upande wa nje hupimika kwa hesabu nyepesi. Milimita moja ya mvua ni lita moja juu ya kila mita ya mraba. Hivyo mvua ya milimita 100 humwaga lita 30,000 juu ya kiwanja cha mita za mraba 300. Zamani nyumba nyingi za Kariakoo zilikuwa na ukumbi katikati, vyumba kila upande, na ua wa udongo nyuma. Sehemu ya maji ilizama ardhini. Leo maghorofa na saruji vimefunika viwanja hivyo, na maji hutafuta mabondeni. (Jengo la soko, lililobuniwa na msanifu Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, lilipewa paa mfano wa miamvuli iliyopinduliwa ili likinge maji ya mvua. Inasikitisha kwamba majirani wake hawakuliiga.)

Upande wa ndani ni mgumu zaidi, na hapo ndipo wapimaji wengi hukosea. Tuseme kaya mbili za Jangwani zimeingiliwa na maji ya kimo kimoja. Ya kwanza ni ya mwenye nyumba, ambaye mwanawe ana mshahara na nduguze wanakaa Temeke. Ya pili ni ya mpangaji, mama lishe ambaye mtaji wake wote ni masufuria, mkaa, na mchele aliokopa jana. Ramani ya mafuriko huzipaka kaya hizo rangi moja. Baada ya mwezi mmoja, ya kwanza imekwisha kupaka chokaa kutani. Ya pili imemwondoa mtoto shuleni.

Wala asidhani mtu kuwa wenye mali wamesalimika. Soko la Kariakoo lilipoungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021, aliyekuwa ameweka mtaji wake wote ndani ya jengo hilo aliweza kuamka na deni tupu, ingawa jana yake hakuna aliyemwita maskini.

Baada ya mafuriko ya 2011 Serikali iliwagawia waathirika viwanja Mabwepande, mbali kaskazini mwa jiji. Huko maji ya Msimbazi hayafiki. Lakini wateja wa Kariakoo nao hawafiki, na nauli hula faida. Baadhi ya watu walirejea bondeni. Ni rahisi kuwaita wakaidi. Ukweli ni kwamba kwa mchuuzi aamkaye alfajiri kuwahi soko, msukosuko mmoja ulipungua na mwingine ukazidi. Kipimo kihesabucho maji peke yake hakiwezi kuuona.

Wanafunzi wanaweza kulijaribu jambo hili katika mtaa ulio karibu na shule. Wazitembelee kaya kumi, kwa ruhusa ya wenyewe, wapime alama ya maji ya mwisho ukutani, kisha waulize: kazi iko umbali gani? Chakula kilichopo chatosha siku ngapi? Nani angewakopesha kesho? Ilichukua siku ngapi kurudi kazini? Wachore ramani mbili, moja ya kimo cha maji na nyingine ya siku hizo, na mwalimu aanze somo pale ramani hizo zinapotofautiana.